Siku Mwashuri Alipofika Masukulu

Wanawake wa kijiji cha Masukulu walipochumiana chai kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, kila mmoja alitaka mstari ulio jirani na wa Tusekile. Si kwamba alikuwa mchumaji hodari. Mikono yake ilikuwa ya kawaida tu. Ni mdomo. Tusekile akikusimulia habari ya kuku aliyechukuliwa na mwewe, utamlilia kuku, utamlaani mwewe, na jioni utakwenda kukagua banda lako mara mbili. Vikapu vilijaa migongoni bila mtu kuhisi uzito.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mbili. Mumewe, Hosea, alifariki kwa ugonjwa wa figo, na mwanawe wa pekee, Gidion, alikuwa Dar es Salaam akipaka rangi majumba ya watu. Nyumbani alibaki yeye, mbuzi watatu, na Biblia ya Hosea iliyoshikizwa jalada kwa gundi ya karatasi. Mjane asiye na wa kuongea naye husoma hata vile vitabu vya katikati ambavyo wengine huviruka, na huko katikati ndiko Tusekile alikokutana na Ashuru.

Watu wengi wakitafuta taifa la kuogopa katika Maandiko hukimbilia Babeli. Yeye Babeli haikumshika. Ashuru ilimshika kwa sababu haikukaa mahali pamoja. Mara ni fimbo mkononi mwa Mungu, inachapa makabila kumi ya Israeli na kuyatawanya yasionekane tena. Mara imeuzingira mji wa Hezekia, inatukana kutoka nje ya ukuta. Mara mji wake mkuu, Ninawi, umemsikiliza Yona na kuvaa magunia, mfalme na ng'ombe wake pamoja. Halafu umesahau, na umeanguka. Tena nabii Mika anamtaja Mwashuri atakayeingia katika nchi, na wahubiri wa redioni walisema huyo ndiye mpinga Kristo wa siku za mwisho, kwamba atatoka kulekule.

Basi siku moja, wakichuma kwa Anosisye, jirani yake wa chanda na pete, Tusekile akaanza: "Ashuru haikufa. Ililala."

Hadithi ikamea kama mgomba kando ya jalala. Katika hadithi hiyo Mwashuri alirudi, lakini hakurudi na mikuki. Alirudi amevaa shati safi. Jicho lake moja lilikuwa limefumbwa, kwa kuwa alitazama roho za watu kwa jicho lililobaki. Alikaa katika ikulu yenye madirisha saba, alipanda farasi wa chuma aliyekohoa moshi, na mkononi alibeba mashine ndogo. Alipita kijiji kwa kijiji akisema kwa upole, "Weka kidole gumba hapa." Aliyeweka, shamba lake halikuwa lake tena. Mwanamke mmoja aliyekataa alijificha na wanawe kwenye shimo la kuivishia ndizi.

Wanawake wa kwaya wakamwomba aisimulie kwenye simu ili na wasiokuwepo wasikie. Akairekodi kwa sauti, kipande kwa kipande, Jumatano na Jumamosi, akaituma kwenye kundi lao la WhatsApp. Kundi la kwaya likaituma kwa wana, wana wakaituma kwa wakwe. Mpaka Kinyala kule ng'ambo ya mlima watu walikuwa wanauliza, "Mwashuri amefika wapi?"

Mpaka hapo hapakuwa na dhambi. Dhambi ilikuja Jumapili moja baada ya ibada. Mzee Geresoni, mzee wa kanisa, mtu wa kuheshimiwa, alimsimamisha mbele ya akina mama, akashika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mama Gidion," alisema, "haya mambo si ya kawaida. Hebu tuambie kweli. Umeonyeshwa?"

Wanawake wakamgeukia. Tusekile aliona macho yale yote, ya watu ambao baada ya msiba wa Hosea walimpita njiani wakisema pole bila kusimama. Ulimi ulikuwa na jibu la kweli, fupi, jepesi: nimetunga. Likaja jingine.

"Nimeonyeshwa," alisema.

"Ee Kyala!" akaitika mzee, akimtaja Mungu kwa Kinyakyusa, na kofia ikamdondoka.

Tangu siku hiyo Tusekile hakusimulia tena kwa raha. Kila kipande alichotuma kilimwacha na kiungulia. Alijaribu kuipunguzia makali. Watu wakadhani anaficha. Alijaribu kuacha kabisa kwa wiki mbili. Wakasema amekatazwa na malaika. Mwongo ni kama mtu aliyepanda mti kwa kukimbilia: kupanda hakuona, kushuka ndiko kunakomtoa jasho.

Ikafika Machi, mvua imeshika, barabara ya kwenda banda la kupimia majani ya chai imekuwa uji. Saa nne asubuhi Tusekile alikuwa anakata majani makavu ya migomba alipopigiwa simu na Lilian, mwenzake wa kwaya.

"Mama Gidion, amefika."

"Nani?"

"Mwashuri! Yuko bandani kwa kupimia majani. Amekuja na mashine ya vidole. Ana jina la Ashuru kifuani, nimelisoma kwa macho yangu. Wanaume wamemzuia ndani. Nsajigwa ameleta petroli."

Tusekile aliacha panga pale pale likiwa limechomekwa kwenye shina. Alishuka bondeni nusu akikimbia, nusu akiteleza, ndala moja ikabaki kwenye tope naye asigeuke. Kichwani mlikuwa na jambo moja tu linajirudia: nimemwua mtu ambaye sijamwona.

Banda la majani lilikuwa kibanda cha mabati na mbao, chenye mlango mmoja. Siku hiyo wakulima zaidi ya mia walikuwa wamelizunguka, vikapu vyao vimetupwa chini na majani yaliyoshindiliwa humo yanaharibika kwa joto lake bila wa kuyajali. Gari dogo jeupe lilikuwa kando, kioo cha mbele kimepasuliwa. Mtendaji wa kijiji alikuwa mjini Tukuyu kwenye kikao. Polisi walikuwa wamepigiwa simu, lakini kwa barabara ile hakuna aliyejua watafika saa ngapi.

Mlangoni alisimama Nsajigwa na kidumu cha lita tano. Hakuwa mlevi wala mhuni. Alikuwa baba wa watoto wanne, fundi wa kuchonga vitanda, mpole mpaka watu husahau kumwalika. Ndiyo maana uso wake siku ile ulimwogopesha Tusekile. Hasira ya mtu mpole haina breki.

"Nsajigwa, mwanangu, weka hicho chini."

"Mama, wewe ndiye uliyetuonya," alisema, tena kwa heshima. "Tunafanya ulivyosema. Baba yangu aliwekeshwa kidole kwenye karatasi na watu wa shati safi. Hakujua kusoma. Tukapoteza shamba la bondeni, akafa na kihoro. Safari hii hapana."

"Choma!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Mnangoja apige simu kwao?"

Nsajigwa akafungua kifuniko. Harufu ya petroli ikapanda. Tusekile akapita katikati yake na mlango, akaegemeza mgongo kwenye mbao, akahisi kwa nyuma mtu wa ndani naye ameegemea, anapumua haraka haraka.

"Nilitunga," alisema.

Hawakusikia, au walisikia wasielewe. Akakusanya pumzi yote iliyomo kifuani.

"Nilitungaaa! Hadithi yote ya Mwashuri ni ya kutunga! Nilidanganya!"

Walimsikia, lakini si kama alivyotarajia. Nyuso zikamtazama kwa huruma.

"Ameogopeshwa," alisema Anosisye, akisogea mbele, kitenge kimelowa. "Jamani, dada yangu ametishwa. Tuse, usiogope, tuko na wewe."

"Amelishwa kitu!" mwingine akadakia. "Ndivyo wanavyofanya!"

Hapo ndipo Tusekile alipoelewa ukubwa wa alichokifanya. Walimwamini kuliko alivyojiamini mwenyewe. Akiwaambia kweli, kweli yenyewe walikuwa wanaifanya sehemu ya hadithi. Nsajigwa alikwisha mwagia petroli kona ya ukuta. Mkono mwingine ulikuwa unapapasa mfukoni.

Basi akafanya jambo ambalo hakuna msimulizi anayelifanya kwa hiari. Akaanza kuifumua kazi yake mbele ya watu.

"Jicho la Mwashuri!" alisema kwa sauti kubwa. "Mnalikumbuka? Nani kati yenu amewahi kupeleka saa kwa Ambindwile, pale mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu mjini? Ambindwile hufumba jicho moja, akabandika kile kikombe kwenye jingine, akachungulia. Nilikaa kibarazani kwake siku nzima nikingoja saa ya marehemu Hosea. Jicho hilo ni la Ambindwile fundi saa!"

Mtu mmoja akaguna. Mikono ikatulia kidogo.

"Ikulu ya madirisha saba ni ile nyumba ya wageni karibu na stendi, iliyopakwa rangi ya chungwa. Nendeni mkahesabu. Farasi wa chuma anayekohoa moshi ni lori la majani, hilo hilo letu, linavyokohoa likipanda kona ya mti ulioanguka. Mnalisikia kila siku! Na yule mwanamke aliyejificha na wanawe kwenye shimo la kuivishia ndizi, mkalia sana, ni mimi, nina miaka tisa, nimevunja chungu cha mama, ninakimbia fimbo. Wana walikuwa vifaranga viwili."

Kicheko kimoja kikatoroka upande wa wanawake, kikakatika kwa woga. Lakini kilikwisha sikika.

"Na mashine?" aliuliza Nsajigwa. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mashine ya kidole ulijuaje kabla haijaja?"

"Nsajigwa, simu yako ina laini?"

"Inayo."

"Uliisajili kwa kutumia nini? Si kwa kidole? Sote hapa tumeweka vidole kwa vijana wa laini pale sokoni. Nami nilipoweka changu niliogopa, nikaja kukitia kwenye hadithi. Basi. Hakuna malaika."

"Mzee Geresoni alikuuliza mbele yetu," alisema Nsajigwa polepole. "Ukasema umeonyeshwa."

Hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Tusekile alimwona mzee mwenyewe kule nyuma, mwavuli umefumbwa mkononi, mvua inamlowesha.

"Nilisema. Sikuota, sikuonyeshwa, sikusikia sauti. Mlikuwa mnanitazama, nami nikapenda kutazamwa. Nimetumia jina la Mungu kujipatia kiti. Kama kuna wa kuchomwa hapa, ni mimi. Aliyemo ndani simjui, wala yeye hanijui."

Ndipo mlango ukasukumwa kutoka ndani. Tusekile akajitahidi kuubana, lakini sauti ikasema kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Mama, acha. Nitatoka."

Akatoka mtu mfupi mnene wa miaka arobaini hivi, shati limechanika begani, damu imekauka kwenye nyusi. Kifuani alikuwa na kitambulisho cha kazi, na kweli juu yake pameandikwa: Ashur Yonan. Alikuwa fundi wa kampuni moja ya Dar es Salaam, aliyekuja kufunga mizani mpya ya majani inayomtambua mkulima kwa kidole.

"Wewe ni Mwashuri?" aliuliza Nsajigwa.

Tusekile aliomba moyoni mtu yule akane. Neno moja tu, hapana, na wote waende nyumbani.

"Ndiyo," alisema yule mtu. "Mimi Mwashuri. Baba Mwashuri, babu Mwashuri. Kwetu karibu na Ninawi."

Watu wakarudi nyuma hatua nzima kama waliomwagiwa maji. Kidumu kikainuka. Lakini yule mtu hakukimbia. Alikaa chini, kwenye kizingiti, mikono juu ya mapaja.

"Sisi Wakristo," alisema. "Zamani sana. Watu wa bunduki walikuja, wakachoma kanisa letu. Mimi, mama yangu, tulikimbia na nguo tu. Walisema, ninyi watu wabaya, kitabu kimesema." Akaonyesha kidumu kwa kidevu. "Leo tena nasikia harufu ile. Petroli."

"Mnajua Yona?" akaendelea. "Yona alihubiri kwetu. Babu zetu walitubu. Kila mwaka sisi tunafunga siku tatu, mpaka leo, kwa sababu ya siku ile. Hatujasahau. Na Isaya, mlango wa kumi na tisa. Someni mwisho wake."

Mzee Geresoni akasogea, akichechemea. Biblia haimtoki mkobani. Akavaa miwani, akatafuta huku Lilian amemshikia mwavuli juu ya kurasa, akasoma kimoyomoyo midomo ikichezacheza. Alipofika mwisho, aliinua uso.

"Baba mzee, inasemaje?" aliuliza Nsajigwa.

"Inasema siku hiyo kutakuwa na njia kuu kati ya Misri na Ashuru," alisema mzee. "Watamwabudu Mungu pamoja. Na Mungu anaibariki Ashuru. Anaiita kazi ya mikono yake." Akafunga kitabu. "Nimesoma sura hii tangu ujana wangu. Sijui macho yangu yalikuwa yanapita wapi."

Nsajigwa alikitazama kidumu kama kitu alichopewa na mtu mwingine amshikie. Akakiweka chini. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, ya mtu anayehitaji jibu kweli, "Lakini hicho kidole, kikishaingia humo, kinakwenda wapi?"

Tusekile akamgeukia. "Hilo mimi silijui, na ni swali la haki. Muulize. Asipojibu vizuri, usiweke. Kuuliza hakuchomi mtu."

Ashur alimweleza, wakiwa wamekaa wote wawili kwenye kizingiti kinachonuka petroli, mpaka polisi walipofika saa nane wakakuta watu wanatandaza majani ya chai yapoe yasiharibike. Mwishowe kijiji kilikubaliana kwamba anayetaka kadi ya kawaida badala ya kidole apewe kadi. Nsajigwa alichukua kadi. Kioo cha gari kilichangiwa, na Ashur hakutaka kesi. Alichokiomba ni nguo kavu tu. Mzee Geresoni akampa koti lake la Jumapili, naye akaondoka nalo.

Ingeweza kuishia hapo, na Tusekile angepata usingizi. Lakini watu walipokuwa wanatawanyika, Anosisye alibaki amesimama peke yake kwenye mvua.

"Kwa hiyo hakuna Mwashuri wa kuja kuchukua mashamba," alisema.

"Hakuna, dada. Nisamehe."

"Na chai yangu?"

"Chai yako imefanya nini?"

"Nimeing'oa," alisema Anosisye. "Tangu juzi, mimi na vibarua wawili. Nilisema asikute kitu cha kuchukua. Mistari kumi na minane, Tuse. Aliipanda mama yangu."

Tusekile akanyoosha mkono. Anosisye akaupiga chini, akaenda zake, na kwa miezi tisa hakumsemesha tena, si njiani, si kanisani, hata msibani.

Kanisa lilimsimamisha Tusekile uimbaji kwa miezi mitatu. Mzee Geresoni alisimama siku ile ile ya kutangazwa adhabu, akasema nusu ya kosa ni lake, maana alimwuliza mwanamke swali ambalo jibu lake alikwisha kulitamani. Akajiuzulu uzee wa kanisa kwa muda uleule. Wapo waliomcheka Tusekile, wapo waliomwita nabii wa uongo hadi sokoni, na wapo, ajabu ya Mungu, waliomfuata pembeni kumnong'oneza, "Lakini mwishoni Mwashuri anafanyaje?" Hao aliwaambia hajui.

Alichofanya ni hiki. Alikata vipando kutoka kwenye chai yake iliyo bora, akavijazia udongo kwenye vifuko vya nailoni, akavijengea kivuli cha majani ya migomba nyuma ya jiko. Akavimwagilia kila asubuhi kama mtu anayenywesha mgonjwa. Vingine vilikufa, akakata vingine. Desemba mvua ziliposhika alivipakia kwenye toroli, akavisukuma hadi shamba la Anosisye, akaanza kuchimba bila kubisha hodi. Akafanya hivyo siku tatu. Anosisye alimwona kutoka kibarazani, akaingia ndani kila mara.

Siku ya nne Tusekile alikuwa amepiga magoti kwenye mstari wa sita alipoona miguu miwili yenye tope mbele yake.

"Unabananisha," alisema Anosisye. "Chai si mahindi. Miche hii ikikua mchumaji atapita wapi?"

Tusekile akaing'oa miche miwili ya mwisho. Anosisye akachukua jembe, akapima hatua yake moja na nusu, akachimba shimo, akangoja Tusekile atie mche.